Kuamia na kuhamia: kisa cha bibi mmoja wa Bonde la Msimbazi

Sentensi yenyewe ni fupi. "Mwaka wa Azimio nilikuja huku kuamia." Hivyo ndivyo bibi alivyosema, dakika ya kumi na mbili ya mazungumzo yetu ya kwanza, na sauti yake inasikika vizuri kabisa. Kijana wetu aliyekuwa akinakili maneno kutoka kwenye simu akaandika: "Mwaka wa Azimio nilikuja huku kuhamia." Aliongeza herufi moja. Kwa wiki saba hakuna hata mmoja wetu aliyeliona kosa hilo, na ndani ya wiki hizo saba herufi ile ilikaribia kugawa ukoo.

Nakiandika kisa hiki kwa wenzangu wanaokaa na wazee na kurekodi wanayosimulia. Bibi mwenyewe ameniruhusu, kwa sharti kwamba nisitaje jina lake, mtaa wake, wala upande wa mto anakokaa. Kuna mambo ya ndani ya familia ambayo nimeyaacha kwa makusudi.

Mto Msimbazi unatoka kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unateremka kwa kama kilometa 35 kupita kati ya Vingunguti na Tabata, unapita Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini pale Salenda penye mikoko. Ukimsikiliza mtu asiye wa Dar, huu ni mto wa mafuriko tu: Barabara ya Morogoro imefungwa, mabasi ya mwendokasi yamekwama kwenye maji. Sisi wenyewe tunautaja kila wiki bila kuufikiria. Simba ni Wekundu wa Msimbazi, Yanga ni Wanajangwani. Watani hao wawili wamebeba majina ya bonde moja. Ila ukimwuliza shabiki wa umri wa miaka ishirini bonde hilo lilikuwa nini kabla ya kuwa mahali pa maji machafu, hana la kukuambia.

Lilikuwa shamba. Mpango wa mji wa mwaka 1949 uliacha mabonde na vijito wazi makusudi, yawe mikanda ya kutenga Uzunguni, Uhindini na mitaa ya Waafrika. Mpango wa 1979 ukalihesabu bonde la Msimbazi kuwa ardhi ya hatari, isiyofaa kujengwa. Karatasi zote mbili zilikubaliana kwamba pale pasikaliwe, na kwa sababu hapakukaliwa, palilimwa: mpunga, miwa, mchicha, matembele. Ilipofika 1974 na serikali ikatangaza kilimo cha kufa na kupona, kila aliyekuwa na jembe mjini alitafuta kipande cha udongo mweusi, na udongo mweusi wa karibu ulikuwa huo. Kwa hiyo ninaposema tulikuwa tukikusanya historia ya wakulima, sizungumzii mahali pa mbali. Nazungumzia mahali ambapo leo ukisimama unaona maghorofa ya Kariakoo.

Sisi tulikuwa wanne. Mwalimu mstaafu wa historia, dada mmoja anayejua Kizaramo kwa kuwa amelelewa na bibi yake, kijana mwanafunzi wa chuo aliyekuwa mnakili wetu, na mimi. Hatukuwa na fedha za mtu. Kilichotusukuma ni jambo tuliloliona baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yale yaliyokuja siku chache tu baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru. Watu wengi waliopoteza nyumba walipelekwa Mabwepande, mbali kabisa kaskazini mwa jiji. Mwalimu alikuwa na marafiki miongoni mwao. Baada ya mwaka mmoja, alisema, hakumpata mtu wa kumwuliza nani alikuwa jirani ya nani. Wazee waliokuwa wakikumbushana kila jioni kibarazani walikuwa wametawanyika, na kila mmoja alibaki na kipande chake. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilipoidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi mkubwa wa kulitengeneza bonde, tulielewa kwamba safari hii watu wengi zaidi wataondoka. Tukaanza.

Swali la kwanza

Tulifika kwa bibi saa nne asubuhi, mjumbe akatutambulisha. Tulikuwa tumevaa vizuri. Tulikuwa na barua yenye mhuri wa serikali ya mtaa na daftari kubwa la jalada gumu. Shikamoo, marahaba, karibuni wanangu. Mkeka ukatandikwa barazani, na mwanawe mkubwa akavuta kigoda akakaa kando ya mama yake. Mwalimu akafungua karatasi ya maswali. La kwanza tulikuwa tumelipiga chapa kabisa: "Bibi, umeishi hapa tangu mwaka gani?"

Nalisoma swali hilo leo na naumia. Wiki mbili kabla yetu walikuwa wamepita watu wa tathmini ya fidia. Nao walikuwa na barua yenye mhuri. Nao walikuwa na daftari. Na swali lao lilikuwa hilohilo. Tena bibi ni mtu aliyeshuhudia Desemba 2015, kuta za majirani zikipigwa alama ya X kwa rangi nyekundu na matingatinga yakifuata nyuma. Mtu aliyepitia hayo ukimwuliza "tangu lini", hawezi kukusimulia. Anachofanya ni kutetea paa lake. Tungekuwa tumetumwa tumtie hofu tusingeweza kuchagua swali jingine lililo bora.

Mwanawe akamwinamia: "Mama, waambie ile ya Azimio."

Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema ile sentensi. Mwanawe akageuka kwetu: "Sitini na saba hiyo. Andikeni." Tukaandika. Bibi akaendelea kwa dakika kama tatu, akataja dungu, akataja teo, akataja madebe. Kwenye nakala yetu dakika hizo tatu zina maneno machache na "haisikiki" nne. Zinasikika. Nimezisikiliza mara nyingi tangu hapo, na hakuna hata neno moja lisilosikika. Ila mnakili wetu amezaliwa Sinza, hajawahi kuuona mpunga ukiwa umesimama shambani, na hayo yalikuwa maneno ya shambani. Dungu ni kile kichanja kirefu cha miti ambacho mlinzi hupanda ili aone shamba lote. Teo ni kombeo la kurushia mawe au madonge ya udongo. Na kuamia ni kuwafukuza ndege wasile nafaka. Asiyejua kwamba kuna neno "kuamia" atasikia "kuhamia", kwa sababu sikio hukimbilia neno linalolijua.

Simlaumu kijana. Alisikiliza peke yake, usiku, akiwa na kazi nyingine za chuo. Kosa ni letu sisi watatu tuliosoma nakala yake na kuiamini, rekodi tukiwa nayo. Mimi nilikua namwona mama yangu akirudi na mikono yenye magamba ya udongo wa majaruba. Kuamia nalijua tangu utotoni. Ningeisikiliza sauti ile mara moja tu, ningelishtukia. Sikuisikiliza. Niliisoma.

Ombi

Baada ya wiki tano mwanawe alinipigia. Alizungumza kwa heshima, akaniita kaka. Alitaka nakala ya mazungumzo, sauti na maandishi, "sehemu ile tu mama anayosema alihamia mwaka sitini na saba," aipeleke kwenye ofisi inayoshughulikia madai. Kulikuwa na utata juu ya nani wa kuandikwa kwenye fomu, na neno la mama, likiwa limerekodiwa na watu wa nje wasio na masilahi, lingemaliza ubishi.

Ombi lilikuwa la haki kwa juu. Fomu yetu ya ridhaa, ambayo bibi aliiwekea dole gumba, ilisema rekodi itahifadhiwa "kwa ajili ya historia ya bonde" na kwamba "itatolewa kwa wahusika". Wahusika ni akina nani? Hatukuandika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka mtu ajue taarifa zake zinakusanywa kwa sababu gani na zisitumiwe kwa jambo jingine. Sisi tulikuwa na neno "wahusika" ambalo lingeweza kumfungulia mlango yeyote. Nilimwambia mwanawe nitamjibu baada ya kuzungumza na wenzangu. Hakufurahi.

Siku mbili baadaye akapiga mwanamke nisiyemjua. Ni mtoto wa dada yake bibi, dada aliyekwisha kufariki. Yeye aliomba kinyume: rekodi isitolewe kwa mtu. "Hiyo nyumba," alisema, "mama yangu alikuwepo."

Hapo ndipo tulipoamua kurudi kwa bibi, na kwa bahati njema tulirudi vizuri. Hatukuchukua daftari wala barua. Nilikwenda na yule dada wa Kizaramo tu, jioni, tukamkuta bibi na shoga yake wakichambua mchicha. Hatukumwuliza mwaka. Dada alimwuliza: "Bibi, huko chini mlikuwa mnalima nini?" Bibi akainuka, akachukua mkongojo wake, akasema twende nikawaonyeshe.

Matembezi

Tulitembea kwa muda wa saa moja na nusu, na tulirekodi dakika 74. Kila ninachokijua juu ya bonde hilo kilicho na thamani nimekipata katika dakika hizo.

Bibi alitusimamisha karibu na bustani ya mchicha ya kijana mmoja, akapiga mkongojo chini: "Dungu lilikuwa hapa." Kisha akarusha mkono kwa nyuma na kuuzungusha juu ya kichwa, kwa namna ambayo huwezi kuifanya kama hukuifanya ukiwa mtoto. Teo. "Nilikuwa naamia hapa kutwa. Ndege wanaamka kabla ya jua. Ukilala Magomeni ukaja asubuhi, utawakuta wameshashiba. Tukawa tunalala hukuhuku, mimi na dada, mpaka mpunga uvunwe."

Nilihisi damu ikinipanda usoni. Nilitoa simu, nikaitafuta rekodi ya kwanza palepale, nikaweka sikioni. Nilikuja huku kuamia.

Basi mambo yalikuwa hivi. Mwaka wa Azimio la Arusha, yaani 1967, bibi alikuwa msichana mdogo aliyeletwa kutoka Kisarawe kukaa na dada yake mkubwa aliyekuwa ameolewa Magomeni. Dada alikuwa na shamba la mpunga bondeni, alilopewa na mzee mmoja kwa maneno ya mdomo na pishi kadhaa za mpunga kila mavuno. Msichana alikuwa mlinzi wa ndege. Miaka ya unga wa njano, ule tuliouita unga wa Yanga, walikuwa bado wanalima na bado wanalala Magomeni nje ya msimu. Nyumba ya kwanza, ya miti na udongo, waliijenga "baada ya Nguvu Kazi". Hiyo ni ile kampeni ya 1983 ya kuwakamata mjini wasio na kazi maalumu na kuwapeleka mashambani. Kilichotokea kwa mume wa dada mwaka huo ni sehemu ya yale niliyoombwa kuyaacha. Inatosha kusema kwamba ndugu wawili wanawake waliweka pamoja walichokuwa nacho, wakapandisha kuta juu kidogo ya shamba lao, wakahamia. Sasa ndiyo wakahamia, kwa herufi zake zote.

Kati ya kuamia na kuhamia kuna miaka 16, na ndani ya miaka hiyo kuna mtu wa pili.

Nataka nikae kidogo kwenye namna tulivyopata miaka hii, maana ndipo wakusanyaji wengi hukosea. Bibi hahesabu kwa tarakimu. Anahesabu kwa Azimio, kilimo cha kufa na kupona, vita vya Kagera, Nguvu Kazi, mvua za El Niño, bomu la ubalozi. Alama nyingine zinashika mwaka mmoja barabara: bomu ni Agosti 1998, hakuna ubishi. Nyingine zinateleza. Unga wa Yanga ni mfano mzuri: mahindi ya njano yalikuja katikati ya miaka ya sabini na yakaja tena mwanzoni mwa miaka ya themanini, hivyo mzee akikuambia "wakati wa unga wa Yanga" usikimbilie kuandika mwaka. Mwulize ulikuwa unaupanga foleni wapi, na ulikuwa umembeba nani mgongoni. Bibi alikuwa hana mtoto wakati ule. Jibu hilo moja lilitupa mwaka kwa uhakika kuliko maswali kumi ya karatasi yetu.

Na maji vilevile. Hapimi kwa mita. Anapima kwa mwili: maji ya kifundo, maji ya goti, maji ya kiuno, maji ya dirisha. Tulipomwuliza juu ya mafuriko tulitarajia kilio, na tulikipata alipofika 2011, maji ya dirisha, usiku ule alipopandishwa juu ya bati na vijana wa jirani. Lakini kabla ya hapo alisema jambo ambalo sikuwahi kulisoma kwenye ripoti yoyote. Alisema maji yalikuwa wageni. Masika yakija, mto unafurika, unalala shambani siku mbili tatu, unaondoka na kuacha tope laini jeusi, na mpunga wa mwaka huo unakuwa mnene. Dada yake alikuwa akilalamika mwaka ambao mto haukufurika. "Maji hayakubadilika tabia," alisema, "sisi ndio tuliohama kutoka dunguni tukalala chini." Shoga yake akamrekebisha: maji nayo yamebadilika. Zamani yalikuja na tope, sasa yanakuja na mchanga na takataka. Huko juu miti imekatwa, watu wamejenga mpaka vilimani, mchanga unateremka na kujaza mto, na kina cha mto kimekwisha. Zamani, alisema, mtu mzima hakugusa chini pale penye daraja la miti. Leo kuku anavuka.

Walibishana juu ya hilo njia nzima ya kurudi, na tuliwaacha wabishane. Mabishano ya wazee wawili waliolima shamba moja yana uzito kuliko ushahidi wa mmoja anayejibu karatasi, kwa sababu kila mmoja anamkatalia mwenzake asipotoshe. Kama kuna jambo moja ningebadilisha tangu siku ya kwanza, ningemwalika yule shoga barazani badala ya mtoto wa bibi.

Tulichobishania sisi

Tulikutana wanne, nikawasomea nakala iliyosahihishwa. Kijana alilia. Mwalimu akamwambia aache, kisha akatusimulia juu ya 1968, pale wanafunzi wa Chuo Kikuu, wakati huo kikiitwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, walipotumwa kuzungumza na wazee juu ya vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Wengi wa wanafunzi hao, alisema, walikuwa watoto wa wakulima; neno la shambani halikuwapita. Sisi tunarekodi wakulima kwa masikio ya watu wa mjini, na tusiposema hivyo wazi tutaendelea kuandika "haisikiki" mahali ambapo sisi ndio tusiosikia.

Kisha ikaja hoja yenyewe: rekodi apewe nani. Mwalimu alitaka tutoe nakala sahihi kwa pande zote mbili. Ukweli ni ukweli, alisema, na kuuficha ni kumsaidia mmoja. Dada wa Kizaramo alikataa kabisa. Bibi alizungumza dunguni, alisema, akiwa na shoga yake, akiwa amesahau simu; alisimulia maisha yake, hakuwa akitoa ushahidi wa mirathi. Mimi niliyumba. Nilimwonea huruma mwanawe, maana yeye naye hakuwa mlafi. Nyumba ya sasa, ya matofali, aliijenga yeye baada ya mvua za El Niño kuiangusha ile ya udongo, kwa mshahara wa miaka ya ujana wake. Anapodai, anadai jasho lake. Watoto wa dada wanapodai, wanadai jasho la mama yao lililo chini ya matofali hayo. Wote wana haki, na sisi tulikuwa na simu mfukoni yenye sauti ambayo upande wowote ungeweza kuikata mahali unapotaka.

Mbele ya baraza la kata au mwenyekiti wa mtaa, neno la mzee ni zito. Mzito vilevile ni mtu anayelibeba neno hilo kutoka mahali liliposemwa na kulipeleka mahali pengine. Nafikiri hapo ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa tunajiuliza swali lisilo letu.

Tulimrudishia bibi. Tulikwenda tena wawili, tukaomba tukae naye peke yake chumbani, tukamsikilizisha vipande vyote viwili tangu mwanzo hadi mwisho. Aliposikia tulivyosoma sentensi yake alicheka sana, akashika mbavu. "Kuhamia! Mtoto wa miaka tisa nahamia na nani?" Kisha ikafika sehemu ya dada yake, akaacha kucheka. Aliomba tuirudie. Tuliirudia mara tatu. Mara ya tatu aliweka kiganja juu ya simu, kama mtu anayemfunika mtoto, na hatukuirudia tena.

Tulimweleza kwamba mwanawe anataka rekodi, na kwamba mpwa wake hataki itolewe. Alijibu kwa sentensi mbili. "Mwanangu asinisemee. Na nyinyi msinisemee." Alisema atawaita wote mbele ya mjumbe, aseme mwenyewe kwa mdomo wake, na rekodi ibaki kwetu bila kwenda kwa mtu hadi hayo yaishe. Aliitisha kikao hicho Ijumaa iliyofuata, baada ya swala. Sisi hatukualikwa, na ilikuwa sawa hivyo. Ninachokijua ni kwamba mwanawe alinisalimu tulipokutana tena, na hakuniomba kitu.

Tulichokibadilisha baada ya hapo ni kidogo lakini tunakishika. Hatuanzi na mwaka. Tunaanza na kazi: mlikuwa mnafanya nini hapa, nani alikuwa kulia kwako, kifaa hiki mliita nini. Mtoto wa mzee tunamwomba kwa adabu atupishe siku ya kwanza, na tunamwahidi siku yake. Anayenakili hukaa na mtu wa pili aliyelima, na "haisikiki" haiandikwi mpaka watu wawili wameisikiliza. Fomu ya ridhaa tunaisoma kwa sauti, na neno "wahusika" limeondolewa; badala yake kuna majina ya watu ambao mzee mwenyewe anawataja, na swali juu ya baada ya kifo chake. Kila mzee tunamrudia na kumsikilizisha sauti yake kabla hatujaihifadhi. Hili la mwisho linachukua muda mrefu, limepunguza idadi ya wazee tunaowafikia kwa karibu nusu, na nimekubali hasara hiyo.

Kwenye kumbukumbu zetu kila rekodi ina maelezo yake mafupi. Ya bibi niliyaandika mwenyewe, nikaenda kumsomea kabla ya kuyafunga: "Alianza kulima bondeni mwaka wa Azimio. Alilala dunguni misimu ya kuamia. Nyumba ilijengwa baada ya Nguvu Kazi. Dakika ya 41 hadi ya 58 zimefungwa kwa agizo lake." Alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akasema nifute sentensi ya kwanza.

"Usiandike nilianza kulima," alisema. "Shamba lilikuwa la dada. Andika: alimfuata dada yake."

Nikafuta, nikaandika hivyo.